Unatumia dawa na umeandikiwa kipimo cha mkojo? Fuata hatua hizi kabla hujajaza kikopo

Kwenye dirisha la kupokelea vikopo naulizwa maswali yaleyale, Jumatatu hadi Jumamosi. "Nimeshameza dozi mbili za dawa ya UTI, kipimo bado kitasoma?" "Dada, mkojo wangu umekuwa rangi ya Fanta, hiyo si damu?" "Natumia dawa za presha, niziache kwanza mpaka nipime?" Nina miaka kumi na moja maabara, na bado wengi huuliza haya kikopo kikiwa kimeshajaa, wakati mengine hayarekebishiki tena. Kwa hiyo nayajibu hapa kwa mpangilio, kuanzia unapoandikiwa kipimo hadi unaposhika karatasi ya majibu.

Moja nalisema mapema kwa sababu ndilo linaloumiza watu: usiache dawa uliyoandikiwa eti kwa sababu ya kipimo cha mkojo. Dawa za TB, ARV, presha, kisukari, kifafa na moyo zinaendelea kama kawaida, asubuhi ya kipimo ikiwemo. Anayeweza kusema "pumzisha" ni daktari aliyekuandikia. Kinachotakiwa kwako ni kusema unameza nini. Kijiti cha kupimia hakijui, nasi usipotuambia hatujui.

## Dawa huingiliaje kipimo

Kwa kifupi tu. Kijiti kina vipande vidogo vya rangi, mara nyingi kumi, na kila kimoja hubadilika rangi kikikutana na kitu chake: sukari, protini, damu, seli nyeupe, naitraiti (kemikali ambayo bakteria huitengeneza kwenye mkojo), ketoni (kemikali zinazotokea mwili ukichoma mafuta badala ya sukari) na vinginevyo. Dawa inaweza kufanya mambo matatu. Inaweza kupaka mkojo rangi, vipande visisomeke vizuri. Inaweza kuvuruga kemia ya kipande chenyewe, kiseme "hakuna" wakati kipo, au kiseme "kipo" wakati hakuna. Na inaweza kubadilisha mwili wako kweli, hapo kijiti kinasema ukweli ila sababu ni dawa. Hili la tatu wengi hulisahau, nitalirudia chini.

## Vitu vya kuandaa

- Dawa zako zote, zenyewe au picha za maboksi kwenye simu. Nikisema zote namaanisha na vitamini, sindano, dawa ya kikohozi, dawa za unga za kuyeyusha, mitishamba, na ile dozi iliyobaki ya jirani.
- Tarehe na saa ya dozi ya mwisho ya kila moja.
- Kadi yako ya kliniki kama unayo: ya ujauzito, kisukari, TB au CTC (kliniki ya ARV).
- Kikopo kipya chenye mfuniko kutoka maabara au duka la dawa.
- Maji safi, na sabuni ya kunawia mikono.
- Kalamu.

## Hatua

1. Uliza unapimwa nini hasa.

"Kipimo cha mkojo" si kimoja. Kuna cha kawaida cha kijiti na hadubini, kuna cha kuotesha bakteria, cha mimba, cha kichocho, na cha dawa za kulevya. Dawa inayoharibu kimoja inaweza isiguse kingine. Antibayotiki inaua kipimo cha kuotesha lakini haifanyi chochote kwenye kipimo cha mimba. Mwambie daktari akutajie, au soma fomu uliyopewa. Usione aibu kuuliza mara mbili.

2. Andika orodha ya dawa kwenye karatasi.

Jina, nguvu yake, umemeza lini mara ya mwisho. Hata kama ulimaliza wiki iliyopita, andika. Mistari mitano inatosha.

*Kosa la kawaida:* mtu anaandika dawa za hospitali tu na kuacha alizonunua mwenyewe. Ukweli ni kwamba zinazotusumbua zaidi ni hizi za kujinunulia, maana wengi wakihisi mkojo unachoma hupita duka la dawa kwanza, wanameza vidonge viwili vitatu, wakiona havisaidii ndipo wanakuja kupima.

3. Kama ni cha kuotesha, toa mkojo kabla ya dozi ya kwanza.

Hapa ndipo pana hasara kubwa kuliko pote. Kuotesha ni kuwapa bakteria chakula kwenye sahani, wakue, tuwahesabu na tuone dawa gani inawaua. Kwa kawaida tunahitaji makoloni (vikundi vya bakteria vilivyoota) 100,000 kwa mililita moja ya mkojo ndipo tuseme bila wasiwasi kwamba ni maambukizi. Dozi moja au mbili za antibayotiki zinaweza kuwapunguza hao bakteria hadi sahani ikabaki tupu. Karatasi inasema "hakuna kilichoota", mgonjwa anaambiwa hana UTI, wakati bakteria wapo, wameinamishwa tu. Dozi ikiisha wanainuka, na mara nyingine waliobaki ni wale sugu.

Kwa hiyo daktari akikuandikia kipimo na dawa siku moja, pita maabara kwanza, duka la dawa baadaye. Saa moja ya kusubiri haitakudhuru. Isipokuwa daktari amekuambia uanze dawa mara moja kwa sababu hali ni mbaya, mathalani una homa kali na maumivu ya kiuno. Hapo fuata maneno yake, na uliza kama kikopo kinaweza kukingwa dakika ileile kabla ya sindano.

Umeshaanza dawa? Usiikatishe. Sema umeanza lini na ni ipi, daktari ataamua kama mkojo upimwe sasa au usubiri siku kadhaa baada ya dozi kumalizika. Wanaotumia Septrin kila siku kama kinga nao waseme. Ni antibayotiki kama nyingine.

4. Pitia orodha yako na hizi nilizozitaja hapa.

Sitazimaliza zote. Hizi ndizo tunazokutana nazo mara kwa mara.

*Vitamini C.* Watu huiona kama pipi. Vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji vya miligramu 500 au 1,000 vinajaza mkojo vitamini, na vitamini C inazuia vipande vya damu, sukari, naitraiti na bilirubini (rangi ya njano inayoshughulikiwa na ini) visibadilike rangi. Unaweza kuwa na damu kwenye mkojo na kijiti kikasema safi. Hii unaweza kuipumzisha mwenyewe siku nzima kabla ya kipimo, kwa sababu si tiba ya ugonjwa. Chungwa moja halina shida, ninaongelea vidonge.

*Antibayotiki kwenye kijiti.* Doksisaiklini, tetrasaiklini, sefaleksini na jentamisini zinaweza kushusha usomaji wa seli nyeupe. Naitraiti nayo hupotea bakteria wakishapigwa. Hivyo kijiti kuwa safi siku ya pili ya dozi si ushahidi kwamba hukuwa na maambukizi.

*Rifampisini.* Imo kwenye dawa za TB. Inageuza mkojo kuwa wa machungwa hadi wekundu, machozi na jasho pia. Si damu na haina madhara. Lakini rangi hiyo inapaka vipande vyote vya kijiti.

Kosa hili nililifanya mwenyewe nilipokuwa mgeni kazini. Kikopo kiliingia, mkojo wa machungwa mazito, fomu haina neno lolote kuhusu dawa. Nilichovya kijiti, kipande cha bilirubini kikatoka na rangi ambayo niliisoma kuwa chanya, nikaandika hivyo. Dawa za TB zinaweza kweli kuumiza ini, kwa hiyo daktari alipoona bilirubini alikuwa tayari kumsimamishia mgonjwa dozi. Bahati nzuri aliagiza damu kwanza, ini likaonekana liko sawa. Kaka yule alikuwa na boksi la vidonge mfukoni muda wote. Hakuna aliyemuuliza, wala mimi. Tangu siku hiyo sichovyi kijiti kwenye mkojo wa machungwa bila kurudi dirishani kuuliza.

*Rangi nyingine.* Metronidazo, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Flagyl, inaweza kuleta mkojo wa kahawia. Naitrofurantoini pia. Vidonge vya vitamini B vinaleta njano inayong'aa, hiyo usiihangaikie. Amitriptilini mara chache hugeuza mkojo kuwa wa kijani au bluu. Fenazopiridini, dawa ya kutuliza mkojo unaochoma, huleta machungwa makali na inaweza kufanya naitraiti ionekane chanya. Methildopa, ambayo wajawazito wengi wenye presha wanapewa, inaweza kufanya mkojo uwe mweusi au mwekundu ukikaa hewani, hasa ukikutana na dawa ya kusafishia choo yenye klorini. Mama anatazama chini anaona wekundu, anadhani mimba inatoka. Mkojo kwenye kikopo safi utakuwa wa kawaida. Hata hivyo, mama mjamzito ukiona wekundu usijithibitishie mwenyewe nyumbani, njoo.

*Dawa mpya za kisukari.* Dapagliflozini na empagliflozini zinafanya kazi kwa kuitoa sukari kwenye mkojo. Hivyo kijiti kitaonyesha sukari nyingi hata kama sukari ya damu ni nzuri. Hilo si kosa la kijiti wala si kwamba dawa imeshindwa, ndivyo inavyotakiwa. Kwa anayetumia hizi, mkojo haufai kupima udhibiti wa kisukari, pima damu. Na akitapika, akiumwa tumbo au akihema haraka, aende hospitali hata kama glukomita (mashine ya kupima sukari) inasoma vizuri, kwa sababu asidi inaweza kupanda kwenye damu sukari ikiwa haijapanda sana.

*Prednisoloni na deksamethasoni.* Hupandisha sukari ya damu kweli. Ikivuka kama miligramu 180 kwa desilita, yaani milimoli 10 kwa lita, inaanza kumwagikia kwenye mkojo.

*Kaptoprili, levodopa na valproeti.* Zinaweza kufanya ketoni zionekane chanya. Kufunga nako huleta ketoni, ila hizo ni za kweli, kwa hiyo kama ni Ramadhani au hukula tangu jana, sema.

*Dawa za kutoa maji mwilini*, kama furosemidi na haidroklorothiazidi. Hizi huupunguza mkojo nguvu. Protini kidogo au homoni ya mimba ya mwanzo inaweza kupotea kwenye maji mengi. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, kabla ya kidonge cha asubuhi, kisha meza kidonge chako.

*Dawa za unga za kutuliza mkojo na bikaboneti.* Zinaufanya mkojo kuwa wa alkali. Ukipita pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 8, kipande cha protini kinaweza kusema protini ipo wakati haipo.

*Dawa ya picha za CT.* Kama ulichomwa dawa ya kuonyesha mishipa au figo kwenye picha, subiri siku kadhaa kabla ya kupima mkojo, au sema. Inapotosha kipimo cha uzito wa mkojo, na pia kipimo cha protini kinachofanywa kwa asidi.

5. Chagua saa inayofaa.

Kwa kijiti, kuotesha na mimba, mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora. Naitraiti inahitaji bakteria wakae na mkojo kibofuni kama saa nne ndipo ionekane, na usiku unatoa muda huo. Kichocho ni tofauti: mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo usilete wa alfajiri. Na kama umemeza prazikwanteli, taja tarehe, maana mayai yaliyokufa yanaweza kuendelea kutoka wiki kadhaa baada ya dawa na kuonekana kama bado unaumwa.

Usinywe maji mengi ghafla ili upate mkojo haraka. Kunywa kawaida.

6. Kinga mkojo kwa usafi, bila dawa ya kuulia vijidudu.

Nawa mikono. Nawa sehemu za siri kwa maji safi, suuza sabuni yote. Usitumie Savlon, Dettol wala JIK, na usisuuze kikopo kwa chochote. Anza kukojoa chooni, katikati kinga kikopo hadi nusu, mililita 30 hivi zinatosha, malizia chooni. Usiguse ndani ya kikopo. Kama uko hedhini, sema. Damu hiyo itasomeka.

Naomba uniamini kuhusu dawa za kuulia vijidudu. Alikuja mama mjamzito wa miezi minane, uso umemtoka rangi. Kliniki aliyotoka ilikuwa imemkuta na protini ya alama tatu (+++), wakamwambia huenda ni kifafa cha mimba kinaanza. Presha yake ilikuwa 118 kwa 74. Hana maumivu ya kichwa, miguu haijavimba. Nikamwomba anionyeshe chombo alichotolea mkojo. Alitoa kwenye pochi kichupa cha plastiki, kisafi kweli, alikisuuza mwenyewe. Nilipokinusa kilikuwa na harufu ya Savlon. Ndani ya Savlon kuna setrimidi na kloreksidini, na zote mbili zinakifanya kipande cha protini kigeuke kijani. Tulimpa kikopo kipya, akakinga mbele ya choo chetu, kijiti kikasoma hakuna protini. Alikaa kwenye benchi akalia, na mimi nilikaa naye kidogo. Klorini ya JIK nayo hufanya damu na sukari zionekane wakati hazipo.

7. Fikisha mkojo haraka, na sema dawa zako kwa mdomo.

Kijiti kisomwe ndani ya saa moja au mbili. Ukichelewa zaidi, mkojo uwekwe kwenye friji, siyo kwenye friza, na usizidi saa 24. Mkojo uliokaa kwenye joto huzalisha bakteria, naitraiti hutokea, sukari huliwa na mkojo hugeuka wa alkali. Hayo yote yatasomeka kama ugonjwa wako.

Ukimkabidhi mhudumu kikopo, mpe na ile karatasi ya dawa. Sema tu: "Hizi ndizo dawa ninazotumia, naomba ziandikwe kwenye fomu." Kama ni ARV au dawa nyingine usiyotaka watu wa foleni wasikie, omba kuongea pembeni. Una haki ya faragha, na mtaalamu yeyote anayejiheshimu atasogea.

8. Ukipata majibu, yaweke pamoja na orodha yako kabla ya kumeza chochote kipya.

Muulize daktari swali moja: "Hili jibu linaweza kuwa limetokana na dawa zangu?" Akijibu ndiyo, uliza mnalithibitishaje. Sukari huthibitishwa kwa damu. Seli nyeupe na damu hutazamwa kwenye hadubini, ambayo vitamini C haiidanganyi. Protini hupimwa kwa kiasi maabara, au mkojo wa saa 24 hukusanywa.

Tahadhari muhimu kuliko zote hapa: si kila jibu la ajabu ni uongo wa dawa. Dawa nyingine huumiza figo kweli, na mkojo ndio wa kwanza kusema. Mtu anayetumia tenofovia, moja ya ARV, akikutwa na sukari na protini kwenye mkojo wakati sukari ya damu ni ya kawaida, hiyo inaweza kuwa dalili kwamba mirija ya figo inaumia, na apimwe krietinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) haraka. Jentamisini inaweza kuumiza figo. Diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa siku nyingi kwa maumivu ya mgongo pia. Na primakwini, dawa ya malaria, kwa mtu mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu) inaweza kuvunja damu, mkojo ukawa kama Coca-Cola. Hiyo ni dharura, usisubiri kesho.

## Kipimo cha mimba

Maswali hapa ni mengi kuliko tatizo lenyewe. Antibayotiki, Panadol, dawa za malaria, vidonge vya uzazi wa mpango, sindano ya miezi mitatu na kijiti cha uzazi wa mpango cha mkononi haviharibu kipimo cha mimba cha mkojo. Kinachoweza kuleta chanya ya uongo ni sindano ya homoni ya hCG wanayopewa baadhi ya wanawake wanaotibiwa ugumba. Homoni hiyo ndiyo hasa inayotafutwa na kijiti cha kupimia mimba. Ukichomwa, subiri kama siku 14, au fuata tarehe uliyopewa na daktari wako wa uzazi.

Hasi ya uongo hutokea zaidi kwa kupima mapema mno au mkojo kuwa mwepesi. Rudia baada ya siku tatu hadi saba, kwa mkojo wa asubuhi.

## Kipimo cha dawa za kulevya

Hiki kinatisha kwa sababu kazi au safari ya mtu inategemea jibu. Vile vijiti vya haraka ni vya kuchuja tu. Vinatambua umbo la kemikali, na dawa halali yenye umbo la kufanana inaweza kuvikamata. Ofloksasini, levofloksasini na rifampisini zinaweza kuleta chanya ya afyuni kwenye baadhi ya vipimo. Efavirenzi, ARV iliyotumika sana kabla ya dolutegravia, imeshaleta chanya ya bangi. Promethazini, klorpromazini, labetaloli na dawa za mafua zenye pseudoefedrini zinaweza kuleta chanya ya amfetamini.

Kodeini kwenye dawa ya kikohozi au ya maumivu ni jambo jingine: yenyewe ni ya kundi la afyuni, mwili huigeuza kuwa mofini, na kijiti kinasema kweli. Ukiwa umeandikiwa, beba cheti cha dawa. Kwa anayekwenda kufanya kazi Ghuba hili ni zito zaidi, kwa sababu kodeini na tramadoli zinadhibitiwa kwa sheria kali kule. Usisafiri nazo bila karatasi za daktari na kibali kinachotakiwa.

Upande wa pili, methadoni na tramadoli hazionekani kwenye kijiti cha kawaida cha afyuni, zina vijiti vyao.

Cha kufanya: toa orodha yako *kabla* ya kutoa mkojo, iandikwe, na uone imeandikwa. Majibu yakiwa chanya na wewe hujatumia, omba kipimo cha uthibitisho kwa mashine inayotenganisha kemikali moja moja na kuzitambua kwa uzito wake. Kwa Tanzania, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina uwezo huo. Omba kwa maandishi, na uombe sampuli ileile ihifadhiwe isimwagwe.

Mwanariadha anayepimwa, hata furosemidi ya presha ni tatizo kwako: dawa za kutoa maji mwilini zimo kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa zilizokatazwa michezoni, kama dawa za kuficha. Pata kibali cha matumizi ya tiba mapema.

## Ukikwama

*Kijiti kimesema safi lakini mkojo unachoma.* Angalia kama ulimeza antibayotiki au vitamini C ndani ya siku mbili tatu. Kama ndiyo, mwambie daktari hivyo hivyo. Kama hapana, kumbuka kuungua kunaweza kutoka kwenye magonjwa ya zinaa au fangasi, ambayo kijiti hakiyatafuti.

*Majibu ya maabara mbili hayafanani.* Linganisha saa uliyotoa mkojo, dozi uliyokuwa umemeza, na muda ambao kikopo kilikaa. Mara nyingi tofauti iko hapo. Rudia mara moja, kwa mkojo wa asubuhi na kikopo cha maabara, siyo mara nne mfululizo.

*Mkojo una rangi na fundi anasema kijiti hakisomeki.* Hiyo ni kauli ya mtu makini, usimkasirikie. Hadubini bado inafanya kazi, kuotesha bado kunafanya kazi, na damu inaweza kupimwa badala yake.

*Nimeshaambiwa nina UTI mara tatu mwaka huu, kila mara dawa mpya.* Acha kijiti, omba kuotesha, na safari hii ufike kabla hujameza kitu chochote.

*Natumia mitishamba, sijui ndani kuna nini.* Leta jina la mti au kichupa chenyewe. Dawa nyingine za asili zinazouzwa mjini zimechanganywa na vidonge vya hospitali, kwa hiyo usidhani haziwezi kugusa kipimo.

*Sikumbuki jina la dawa, nilipewa kwenye kibahasha tu.* Usikisie. Leta kibahasha na vidonge vilivyobaki, hata kimoja. Kama vimeisha, rudi duka lilelile, mwambie muuzaji akuandikie jina na nguvu yake. Ukilipata baada ya majibu kutoka, lilete hata hivyo, tutaliandika kwenye fomu yako na daktari ataisoma upya.